Maana ya Pili, Tusi Zito

Nawaambia nyinyi kwa sababu nyumbani hakuna tena wa kuniambia pole. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, hata sokoni Runyenjes naenda kwa kusukumwa. Kanisa lilipoanza kuandika kamusi ya Kiembu, nikaomba kazi ya kukusanya maneno, nikidhani ni ya kuketi tu.

Kila neno lilikuwa na fomu: maana zake, kama ni tusi, mfano uliosikika kweli, msemaji na mahali. Mwalimu msimamizi alituonya tusibuni mfano wowote. Nami kwa utiifu wangu, sikubuni.

Jumapili hii mama mkwe, mamake mke wangu Wawira, alikuwa achaguliwe mwenyekiti wa akina mama. Kabla ya kura, katekista akasema, "Hebu tuionje kamusi yetu kidogo." Akachomoa fomu yangu.

"Maana ya kwanza: beberu mvivu. Maana ya pili: mume asiye na faida. Tusi zito, halisemwi mbele ya wakwe."

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, mjinga wa watu.

"Mfano: 'Wawira wangu ameolewa na...'" Akalitamka neno lenyewe, nami sitalirudia. "Msemaji: mama mkwe wangu."

Kicheko kikakatika. Mama mkwe akasimama. "Mwanangu, mimi nimekuambia hivyo lini?"

"Hujaniambia hata siku moja, mama!" nikajibu haraka, nikidhani namwokoa.

Katekista, macho bado kwenye fomu, akamalizia: "Mahali: chini ya dirisha la jikoni kwake, nikisikiliza."