Mshahara Wangu na Kahawa ya Baba

Sikuiba hata senti. Naanza na hilo kwa sababu huku Karagwe watu wana midomo. Nilikuwa meneja wa chama cha wakulima wa kahawa, bodi ikanipandishia mshahara maradufu, mkataba ukasainiwa mchana kweupe. Kila mwisho wa mwezi hela zinaingia. Wakulima wenyewe hawakulipwa mpaka mnada uishe, na msimu ule mnada ulikwama. Ndiyo biashara, nilikuwa nawaambia, nimeegemea kiti.

Baba yangu, mkulima wa Kanoni, alikuwa mmoja wao. Mama alitakiwa kupasuliwa tumbo hospitali ya Bukoba. Mzee akaja ofisini, akapanga foleni kama wenzake, akaomba malipo ya kahawa aliyokwisha kuileta. Nikamjibu utaratibu hauruhusu, ila nitamlipia mama mfukoni mwangu, leo hii. Nilijiona mtoto mwema, mjinga mimi! Akaniambia hakuja kuomba, amekuja kudai chake. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia basi asubiri kama wengine.

Hela ninazo, mama anaumwa, nami nimekaa nangoja mzee aje kunipigia magoti. Kiburi hicho hadi leo nakijutia.

Hakuja. Alikwenda kwa mchuuzi akauza butura, yaani kahawa ya msimu ujao ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa. Mchuuzi akampa nusu, nusu akamzungusha wiki tatu. Mama akafa kabla ya kupasuliwa. Zile hela zikanunua jeneza. Rambirambi yangu baba aliirudisha bila kufungua bahasha.

Msimu uliofuata, kahawa ilipovunwa na kukauka, mchuuzi akaja na gari kubeba mzigo wake. Nami nilikuwa nimekwenda kuomba radhi. Nikasema shikamoo, baba hakuitikia, akanionyesha magunia kwa kidole. Nikavua koti. Nikabeba moja moja hadi garini, majirani wanatazama, wengine ni wanachama wangu, na hakuna aliyenipokea hata gunia.

Nilipomaliza, shingo inawaka moto, baba akatoa elfu tatu, ujira wa kibarua.

"Chukua," akasema. "Hii umeifanyia kazi."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Akaingia ndani, akafunga mlango.