Jeneza Tulilolibeba na Mafredi

Kila Jumatano baada ya sala ya alasiri tulikutana barazani kwa Mafredi, Likoni, tukapiga muziki. Jumatano ya mwisho ilikuwa kama nyingine. Mimi nilitoka kazini, fundi seremala, nikiwa na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Omondi alikuja na gita lake la besi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, na kwao kando ya ziwa, huko bara, lakini Likoni alikaa miaka kumi na tano na alijua kukuna nazi kushinda mke wangu. Mimi nilipiga ngoma. Mafredi akapiga gita na kuimba.

Huyu Mafredi alikuwa Mjerumani. Jina lake liliandikwa kwa njia nyingine, lakini vile ndivyo lilivyotoka vinywani mwetu, naye aliridhika. Alizaliwa katika mji wa bandari baada ya vita vyao vikubwa. Baba yake alirudi vitani mguu mmoja umekufa, hasemi na mtu, na nyumbani kulikuwa na redio tu. Katika redio hiyo wanajeshi wa Kimarekani walirusha nyimbo za huzuni za watu weusi wa kwao, bluzi. Mafredi alikuwa akikanda mkate katika duka la mikate, akazisikia, akauacha unga. Miaka ishirini akazunguka na bendi yake kwenye kumbi za pombe, akatoa santuri mbili, mke akamchoka, hata hoteli moja ya pwani ya kusini ikamleta aje kuimbia wageni.

Hotelini hakudumu. Mgeni alimuuliza, bwana, samaki wa leo ni mzuri? Mafredi akamjibu kwamba ni mzuri, ila si wa leo, ni wa juzi. Akafukuzwa. Alitusimulia mwenyewe, haoni kosa liko wapi. Ndivyo alivyokuwa, akiulizwa neno alijibu lote, mpaka mkia. Nalisema hili sasa kwa sababu baadaye litauma.

Mpwa wangu Hamisi, mtoto wa dada yangu Mwanasha, alikuwa akipita pale kutucheka. Kijana wa miaka ishirini na kitu, hana kazi ya kudumu, leo kibarua, kesho hakuna.

"Mjomba, huyu mzungu wako alia nini? Ana pasipoti, ana feni!"

"Feni imeharibika," Mafredi akajibu bila kuinua macho. "Ndiyo nalia."

Hamisi alicheka akakaa chini ya ngazi, na siku hiyo hakuondoka mpaka tumemaliza.

Wakati ule kulikuwa kumeokotwa vikaratasi njiani vikisema watu wa bara warudi kwao. Omondi alikuwa nacho kimoja mfukoni. Alikisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, akakikunja mara nne, akakitia chini ya spika isiyumbe. Tukacheka. Wallahi tulicheka, na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Siku mbili baadaye vita vikaanza. Wako wanaosema fujo. Mimi niliona vibanda vimeungua na watu wamelala njiani hawaamki, sijui jina jingine. Kituo cha askari kilivamiwa, bunduki zikachukuliwa, na vijana waliotoka msituni wakawa wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza watu wa bara. Asubuhi hiyo nilimkuta Omondi chini ya kitanda cha Mafredi. Mkewe na watoto, Mungu ni mkubwa, walikuwa wamekwenda kwao kwenye matanga.

Watu wa bara walikuwa wakikimbilia uwanja wa kanisa, kando ya barabara kuu, ambako wanajeshi walikuwa wamefika. Nyumba ya Mafredi ilikuwa ndani kwenye minazi, na njia ya miguu ya kwenda kanisani ni mwendo wa nusu saa. Njia hiyo ilikuwa ya vijana.

Siku ya tatu wakaja mlangoni.

"Humu mna mtu wa bara?"

Walimwuliza Mafredi. Nikamwona anafungua kinywa.

"Hamna," nikasema mimi. "Mna mzungu na joto lake tu."

Wakacheka. Wakasema watarudi baada ya adhuhuri kuangalia ndani.

Nilikwenda kwa Maalim wa msikiti wetu, mzee aliyenifundisha alifu na bee kwa fimbo. Nikamwambia nataka jeneza la msikiti.

"Nani amekufa?"

"Hajafa, Maalim."

"Basi lichukue kabla hajafa," akasema, akaenda kuvaa viatu.

Tukawa wabebaji wanne, Maalim, muadhini, mimi, na Mafredi ndani ya kanzu ya kuazima iliyomfika nusu ya miguu. Wazungu waliosilimu tulikuwa nao Likoni, hakuna ambaye angeshangaa. Omondi akalala ndani, tukamfunika shuka na juu yake kile kitambaa cha kijani. Maalim akainama.

"Mwanangu, wewe sasa ni maiti. Maiti haumwi na mbu wala hana kikohozi."

"Naam, Maalim," maiti akajibu.

Tukatoka. Taabu ikaanza hapo hapo. Kwetu jeneza hukimbizwa, maiti anaharakishwa kwenye nyumba yake. Mafredi alikuwa mbele kulia, na kumbe kwao wafu husindikizwa pole pole, hatua moja, kisha kimya, kisha nyingine. Isitoshe yule alikuwa mtu wa mapigo, mguu wake ukishika mwendo hauachi. Sisi wa nyuma tukawa tunamgonga visigino.

"Bwana we," Maalim akamnong'oneza, "twende! Huyu haendi harusini."

Akaongeza mwendo, kisha akasahau, akarudi kwenye ule wake.

Tukawaona kwenye kona ya mikorosho.

Walikuwa sita. Mapanga, na bunduki moja.

Maalim akapaza tahlili. Sisi tukaitikia. Sauti yangu siijui ilitoka wapi.

Tulikuwa tumefikiria kila kitu. Tulidhani watapisha njia, wainamishe vichwa, basi. Tulisahau jambo ambalo mtoto wa madrasa analijua, kwamba ukikutana na jeneza unatoa bega. Humjui marehemu, hujui wafiwa, unatoa bega japo hatua chache. Ni thawabu. Na wale walikuwa watoto wetu, walilelewa kama sisi.

Wakalaza mapanga kwenye nyasi.

Wakaja chini ya jeneza.

Aliyempokea Mafredi alikuwa Hamisi.

Sikujua kama yumo. Mamake alikuwa ameniambia amekwenda Kisauni kutafuta kibarua. Tukatazamana juu ya kile kitambaa.

"Nani, mjomba?"

"Mgeni," nikasema.

"Marehemu alikula vizuri," akasema mwingine kwa nyuma. "Mzito huyu."

Ndani mbao zikalia. Omondi alikuwa amejikaza au anakohoa, sikujua. Hamisi akainua tahlili kwa sauti kubwa kupita Maalim, na wenzake wakaifuata.

Sasa tulikuwa tunakwenda mbio kama inavyotakiwa. Waliotaka kumuua ndio waliombeba, nami nilikuwa natembea kando mikono mitupu.

Njia ilipofunguka na lori la wanajeshi likaonekana kwa mbali, wakaturudishia. Mmoja akasema Mola amrehemu. Wakarudi kuchukua mapanga yao. Hamisi alikuwa wa mwisho kugeuka.

Katika uwanja wa kanisa Omondi alitoka amelowa kama aliyevuliwa baharini. Watu walipiga kelele, mama mmoja akazimia. Alipoweza kusema alisema, "Yule aliyekuwa mbele kulia alibisha ubao karibu na sikio langu. Akaniambia, Omondi, usikohoe, karibu tunafika."

"Nani huyo?" Omondi akaniuliza.

"Mpwa wangu," nikasema. "Yule wa kucheka."

Mafredi akakaa chini kwenye vumbi na kanzu ya watu, akalia.

Omondi alipanda basi kwenda kwao. Naye hakurudi tena. Vijana wakatawanyika msituni, Hamisi akarudi kwa mamake, akawa analala mchana kutwa. Nilikwenda kumwona mara moja. Tulizungumza habari za mihogo. Kwa nini aliingia mle, waliahidiwa nini, nani aliwaapisha huko msituni, sikumwuliza, naye hakutaka kuulizwa.

Kisha wakaja askari, wengi, na ikawa zamu yetu sisi wa pwani kujificha. Wanaume walitolewa majumbani kwa mateke. Aliyeuliza habari za ndugu yake aliingizwa naye ndani. Hamisi alichukuliwa asubuhi, anakunywa chai.

Mafredi akaja kwangu mbio.

"Twende tukaseme. Alimwokoa mtu. Sisi ni mashahidi."

"Kesho," nikasema.

"Kesho ni mbali."

"Mafredi, leo kuna hasira. Kesho."

Nitasema kweli kwa sababu umri huu sina cha kulinda. Sikuwa na mpango wowote wa kesho. Niliogopa. Nikaingia kitandani, nikajifunika shuka, nikamwambia mke wangu ni homa. Mafredi alingoja kidogo mlangoni, kisha akaenda peke yake.

Alirudi jioni amefurahi.

"Wamenisikiliza. Wameandika yote."

"Yote yapi?"

"Kwamba walikuwa sita, na yeye akabeba. Kwamba aliweka panga lake chini ili abebe."

"Umetaja panga?"

"Ndiyo. Ni jambo zuri, hapana? Aliliweka chini."

Mpaka siku hiyo hawakuwa na kitu juu ya Hamisi ila kwamba ni kijana na ni wa Likoni. Waliokuwa hivyo waliachiliwa baada ya majuma, wamevunjika vunjika lakini wazima. Hamisi alikuwa na shahidi, tena mzungu, aliyemwona na panga pamoja na wenye bunduki. Akavushwa kwa feri hadi gereza la ng'ambo, kisiwani, akafungwa humo akingoja kesi. Akaanza kukohoa damu. Wakaturudishia maiti kabla kesi haijasikizwa.

Ilibidi mimi nimweleze Mafredi ilivyokuwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, kama ningekwenda naye ningesemaje. Nikamwambia ningelitaja bega, panga ningeliacha nyasini. Akatikisa kichwa kama mtu anayejifunza wimbo mgumu. Mwezi ule ule akarudi kwao.

Juzi binti yangu, ninayekaa kwake huku Junda, alinionyesha kwenye simu kwamba Mafredi amefariki. Kumbe huko alipiga muziki mpaka uzeeni, kumbi ndogo ndogo, watu wamekaa kimya wakimsikiliza. Wameandika kwamba katika miaka ya mwisho sauti yake ilikuwa imechoka kuliko sauti zote, na kwamba bluzi haiimbwi namna nyingine. Wanaisifu. Nilisikiliza wimbo wake mmoja kidogo, nikamwambia binti yangu azime.

Omondi yu hai, ana wajukuu. Hunipigia simu, na kila mara huuliza yule kijana yuko wapi amtumie hata kuku. Nilimwambia alikwenda Uarabuni kufanya kazi. Ameamini, au ameniachia.

Mimi nimepima sana. Waliotawanya vikaratasi wana fungu lao, walioapisha watoto wana lao, askari wana lao kubwa. Mafredi namtoa. Alisema kweli, na kwao labda kweli inatosha. Chumba kile cha askari kilihitaji mtu mwenye Kiswahili cha kuzaliwa nacho, ajuaye la kutangulizwa na la kumezwa. Mtu huyo alikuwa kitandani amejifunika shuka, hana homa.

Dada yangu Mwanasha hajui kwamba Mafredi alikwenda kwa askari. Anaamini kuna jirani mwenye husuda aliyemchongea mwanawe. Kila Idi huja hapa Junda na sinia ya biriani, tukala, na baada ya kunawa huinua mikono yake, imekuwa myembamba sasa, akamwomba Mola amlaani yule aliyepeleka jina la Hamisi.

Hungoja niitikie.

Nami huitikia amina, kwa sababu nikinyamaza ataniuliza kwa nini.