Marehemu Alivyosimamisha Posho ya Papa

Wakati wa lokdauni, ghala la fanicha la Lidcombe alikokuwa Papa, baba yangu, akiendesha foklifti lilifungwa, na serikali ikaanza kumlipa posho ya wasio na kazi. Baadaye akapata kazi ya kupiga deki kwenye nyumba ya wazee huko Guildford: siku chache, mshahara kiduchu. Watu wa posho wakamwambia sawa, nenda, tutakujazia kidogo, ila kila wiki mbili utuambie umeingiza nini. Hicho kidogo ndicho kilichokuwa kikimalizia kodi ya nyumba yetu Granville.

Shida ni kwamba Papa ni mtunza hazina wa jumuiya yetu ya Wakongo tuishio huku ugenini. Mama mmoja wa kanisani alifariki, na kwa kuwa kukusanyika msibani kulikatazwa, kila mtu alituma mchango kwenye akaunti ya Papa, naye siku hiyohiyo akampelekea mume wa marehemu zote. Ikafika siku ya kuripoti. Fomu ikauliza: kuna pesa nyingine iliyoingia? Nikamwambia, "Papa, hizo si zako. Nyamaza tu." Akanitazama kama nimekojoa madhabahuni. Akazitaja. Wakazihesabu kuwa mapato yake, posho ikasimama.

Basi mimi, niliyetakiwa kuwa darasani kwenye laptop, nikageuzwa mkalimani.

"Leo wewe njo avoka yangu," Papa akasema, yaani wakili wake.

Tulipiga simu ofisi ya posho, tukasikiliza muziki wa kusubiri mpaka nikauchukia kama jamaa niliyemfahamu. Mwishowe mwanamke mmoja akapokea.

"Ambia yeye hizi feza ni za marehemu."

Nikatafsiri. Akauliza kama marehemu anaishi na sisi.

"Anasema nini?"

"Anauliza kama tunakaa naye."

"Na nani?"

"Na marehemu, Papa. Nimwambie analala chumbani kwangu?"

Nikarudi kwenye simu, nikafafanua kisa chote. Mwanamke akaeleza: mfiwa apige simu, athibitishe kwamba pesa zote zilimfikia, posho itarudi. Nilitafsiri kwa furaha kweli. Papa akatikisa kichwa.

"Mtu amezika bibi yake kwa video, halafu miye nimutume aende kusema feza ya kilio ilifika?"

"Papa, ni simu moja tu."

"Feza ya kilio haiulizwi."

Akavaa barakoa, akaenda kuwahi basi. Nikabaki kumshukuru yule mwanamke kwa niaba ya mlango uliofungwa.

Ili kodi itimie, Papa aliomba zamu za Jumapili. Kwenye ibada ya video nikakaa kwenye kiti chake, juu tai yake, chini bukta yangu. Mfiwa akaomba nafasi. Akasema anamshukuru mtunza hazina, pesa zote zilimfikia, hakuna iliyopotea.

Neno kwa neno, kile kile ambacho mwanamke wa simu alikitaka. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya maikrofoni, nimwombe apige ile simu moja tu. Nilikiweka hapo muda mrefu, halafu nikakitoa, nikaandika "Amina" kwa jina la Papa.