Lomenen na Dakika Ishirini na Tano

Lomenen alikuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege cha Kakuma, na usimdharau kwa kandambili zake zilizochakaa: hakuna aliyeujua mwendo wa Lodwar kama yeye. Ujanani aliutembea siku tatu nyuma ya ngamia. Baadaye akaupita kwa lori, nusu siku ya kurushwarushwa. Lakini kwa ndege, aliwaambia watu kwa maringo, ni dakika ishirini na tano tu. Simu ikilia kutoka Lodwar kwamba ndege imeruka, alifukuza mbuzi uwanjani bila haraka na bado akapata muda wa kutafuna tumbaku.

Asubuhi ile ya Aprili 2013 tumbaku hakuigusa. Binti yake Atabo, aliyejifungua alfajiri, alikuwa amelala kwenye machela kando ya uwanja, akivuja damu isiyotaka kukoma. Daktari alikuwa amesema Lodwar, tena upesi. Laga, ile mito ya msimu, zilikuwa zimejaa maji na barabara imekatika.

"Imeruka saa hii, mzee," simu ikasema.

Mbuzi wote walitoka kwa dakika saba, maana aliwatupia mawe kana kwamba wao ndio wenye kosa. Kisha akasimama kutazama upande wa Lodwar. Dakika ishirini na tano zikapita. Thelathini. Huko kulikuwa na wingu jeusi limetanda. Lomenen aliogopa. Sisemi alikuwa na wasiwasi. Nasema aliogopa.

"Ajwang," alimwita muuguzi aliyekuwa na mgonjwa, "hii ndege imepotea?"

"Inazunguka mvua, mzee. Itakuja tu."

Ilifika dakika ya arobaini na moja. Atabo akapakiwa, midomo imepauka kama majivu, na mtoto akabaki na nyanya yake. Ajwang akageuka mlangoni.

"Kuna nafasi ya mtu moja. Utaenda na yeye?"

Miaka tisa Lomenen alipokea ndege, na hakuwahi kupanda hata moja. Naam, mzee wetu aliyejitapa soko zima alikuwa anaziogopa kufa. Akapanda.

Huko juu hakutazama nje. Ndege ilipozama ghafla, akafumba macho, akaushika mkono wa binti yake, akamwomba Mungu wa kanisani na wa baba zake kwa pamoja, asije akakosea mlango. Mkono ule ulikuwa wa baridi. Alihesabu dakika, akapotea, akaanza upya. Kufumbua macho hakuthubutu. Alihofia kumkuta Atabo amekwisha kwenda, na yeye ameketi tu hapo, ameshika mkono.

Magurudumu yakagonga ardhi ya Lodwar. Ndege ikakimbia, ikapunguza mwendo, ikasimama. Bado alikuwa amefumba.

"Apa," sauti ndogo ikasema, "baba, unaniumiza mkono."

Lomenen hakuuachia.