Vikopo Ishirini vya Majarini

Nilitaka kuwa na kiwanda. Nacheka nikiandika hivi, maana kiwanda chenyewe kilikuwa meza ya mama kibarazani kwetu Magomeni, hapa Kilosa, na ndoo moja kubwa ya majarini. Nilichota, nikajaza vikopo ishirini, nikabandika karatasi nilizochora ng'ombe anayetabasamu na maneno SIAGI SAFI. Kesho yake vingepanda basi kwenda Mikumi, kwa mama mmoja muuza chai aliyeniahidi kwamba akivipenda atachukua kwangu kila wiki.

Mchana ule akapita bwana afya.

"Shikamoo."

"Marahaba. Huyu ng'ombe kaingiaje humu?"

Nikasema urembo tu. Akanieleza siagi inatoka kwenye maziwa, haya ni mafuta ya mimea, kwa hiyo niandike majarini na ng'ombe atoke. Sawa, nikashika kalamu. Kumbe bado! Niandike imetengenezwa kwa vitu gani. Uzito. Aliyetengeneza. Aliyefungasha. Inaisha muda lini.

"Mimi si nimechota tu?"

"Ukichota ukafunga, umefungasha. Hayo mengine nakili kwenye ndoo."

Ndoo! Kwetu ndoo ya majarini huwekewa oda hata kabla haijafunguliwa. Jirani alishaichukua asubuhi. Tulipomwita akaja nayo inang'aa, kaisugua kwa mchanga pamoja na mfuniko wake, maandishi yote yametoka.

"Itakaa maji ya kunywa, mwanangu," akasema kwa furaha. Sikuweza kumkasirikia.

"Basi haviuzwi," bwana afya akasema.

"Kwani imeharibika?"

"Sijasema imeharibika."

"Kwa hiyo ni nzima?"

"Sijasema nzima. Haijulikani."

Mama akadakia, "Jana tumeipaka kwenye mkate, na mbona tumeamka?"

 Bwana afya akaanza kuvitia vikopo kwenye kiroba akaviteketeze, vikawa vinamponyoka. Nikamshikia mdomo wa kiroba. Sijui kwa nini nilimsaidia.

Nikampigia muuza chai, nikamwambia mzigo hauji.

"Umeoza?"

"Hapana. Yaani, hatujui."

 "Basi mwanangu, ngoja nichukue kwa mwingine."

Alisema kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionikalisha chini.