Kamera Iliyovishwa Leso Siyu

Shangazi Mwanasha wa Siyu alikuwa amenuniana na jirani yake, Bi Esha, kwa ajili ya mayai. Kuku wanataga, mayai hayaonekani, na Bi Esha huuza mikate ya mayai. Shangazi akajumlisha mwenyewe. Nikaona hapo pana kazi ya mpelelezi, na mpelelezi ni mimi. Nikaazima kamera ya kutegea wanyama ya chama chetu shuleni, ya bei nafuu, yenye kijisola chake. Mwalimu alisema nikiipoteza, nami nipotee.

Ijumaa asubuhi, shule zimefungwa, nilipanda boti Lamu hadi Mtangawanda, kisha pikipiki hadi Siyu. Nilifika makalio hayana fahamu.

Alasiri niliifunga kamera kwenye mpapai wa uani, ikielekea kichaka wanapotagia kuku.

"Kitu kikipita, inapiga picha yenyewe," nilimweleza shangazi. "Chakula chake jua tu."

"Alhamdulillahi. Haitanimalizia wali kama wewe."

Jumapili nikazifungua picha kwenye simu yangu. Ya kwanza: mimi nimeinama, kwa nyuma. Ya pili: maua mekundu. Zilizobaki: giza, kisha betri ikazima. Nilipotoka kwenda uani, nikaikuta kamera imegubikwa leso ya shangazi ya maua mekundu, kijisola na vyote.

"Shangazi! Umeifanya bibi harusi?"

"We mwana we! Mimi nafua kichwa wazi, hilo jicho lanitazama. Waume wa shuleni kwenu wakanione? Haya huna?"

Nilitaka kucheka, lakini haki ilikuwa yake. Uani ndipo anapovua buibui, nami nilimtegea jicho bila kumuuliza. Nikaishusha kamera hadi usawa wa magoti, ikitazama kichaka tu, na tukakubaliana kwamba picha atazitazama yeye kwanza. Kijisola kikashinda juani.

Jumanne, saa nne ya asubuhi, aliniita kwa sauti ndogo. Kwenye picha alikuwa nguchiro, mgongo ameupa jiwe, anarusha yai nyuma kati ya miguu yake kama anayepasi mpira. Picha ya pili, analamba ganda.

Shangazi alicheka, kisha akaiweka simu chini.

"Nimemdhulumu Esha. Miezi mitatu nampita bila salamu."

Akavaa buibui, akachukua simu yangu, tukaenda. Bi Esha alifungua mlango nusu.

"Esha, niwie radhi. Mayai yangu nilikudhania wewe."

Bi Esha aliitazama picha, akaitazama tena.

"Ndiye mimi huyu?"

"Ndiye."

"Mwanasha! Hata mnyama mzuri hukunitafutia?"

Akaufungua mlango wote. "Ndoo," akasema. Huko bara ndoo ni ya maji. Kwetu ni njoo, ingia.

Alhamisi nilirudi Lamu na picha mbili za nguchiro, na somo moja: mnyama hajali nani anamtazama, mtu anajali, basi aulizwe kwanza. Nikiwa nasubiri pikipiki nje, nilisikia Bi Esha na shangazi wakicheka uani, wanafua pamoja. Kamera nilikuwa nimeshaifungua mpapaini mapema, kabla hawajatoka kufua. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.