Matundu Manne Nyuma ya Boti

Mimi ndiye niliyeharibu boti ya shemeji yangu, na ilipita miezi minane kabla ya mtu yeyote kuniambia. Kwa Wambeere, nilikooa, na kwetu Wameru pia, mume wa dada yako ni muthoni, na muthoni haambiwi kwamba amekosea. Hupewa kiti kivulini na kipande kizuri cha nyama, na akitamka upuuzi watu huangalia mbali. Utaratibu huu umenifaa kwa miaka ishirini. Nina shahada mbili, na sikumbuki hata siku moja niliyokosea nikiwa ukweni.

Shemeji huyu, ndugu wa mke wangu, ni mvuvi katika bwawa la Kamburu. Boti yake ni ya faiba, nzee, rangi yake ya buluu imepauka hadi kukaribia kijivu. Alikuwa akiiendesha kwa injini ndogo, polepole. Nilipoona anachukua nusu saa kufika kwenye nyavu zake, niliamua kwamba maendeleo yamechelewa kumfikia. Nikamletea kutoka Meru injini kuukuu iliyokaribia mara mbili ya ile yake kwa uzito. Nilitazama video mbili, nikatoboa matundu manne kwenye ukuta wa nyuma, nikapitisha bolti, nikakaza.

"Ni nzito kidogo, muthoni," alisema.

Nilidhani ananishukuru.

Ukuta huo kwa nje ni faiba, lakini katikati una plaiwudi, na plaiwudi ndiyo inayobeba injini. Watu wa pwani bila shaka wana jina lake. Sisi, ambao maji yetu makubwa ni bwawa la kuzalisha umeme, tunauita tu "nyuma". Anayeutoboa anatakiwa kuziba kingo za matundu ili maji yasinywewe na mbao. Nadhani video zilieleza hivyo kwenye dakika za mwisho, ambazo sikufika.

Aliponipigia simu alisema, "Muthoni, boti imechoka." Nilipoteremka nikakuta injini imelala nyuma kama mtu aliyeshiba, na ufa umekata ukuta kutoka upande mmoja hadi mwingine. Aligonga kwa mpini wa panga. Pembeni palilia ko, ko. Katikati palilia kama unagonga mkate.

Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, kwamba jirani yake alikuwa amempa nafasi kwenye boti yake, ya kuvuta nyavu kwa fungu la mwisho la samaki, kama mwanafunzi. Shemeji ni wa umri wangu, na amekuwa na boti yake tangu kabla sijamwoa dada yake. Jirani alitaka jibu Jumamosi.

Nikaleta fundi. Kwa kuwa siku zote najua watu, nilimtoa Kibirichia, kwenye baridi ya mlimani, ambako hutengeneza nyuso za malori ya viazi na matangi ya maji yaliyopasuka. Alifika Kamburu Jumatatu akiwa na jaketi na kofia ya sufu, na hakuivua kofia. Alikata ngozi ya ndani ya ukuta kwa grainda, akaacha ile ya nje, akaanza kuchokora plaiwudi kwa patasi. Baada ya muda aliweka patasi chini akaendelea kwa mikono, maana mbao zilikuwa mboji tupu. Tukaacha jua likaushe boti kwa siku mbili. Kazi hiyo jua la Mbeere huifanya bila kubembelezwa.

Alhamisi ilikuwa siku ya kugandisha plaiwudi mpya. Tungeanza asubuhi, lakini wakwe walikuwa wamechinja mbuzi, na muthoni hashiki kazi kabla hajala. Nikala. Nikaongezewa, nikala tena. Tulipofika ufuoni ilikuwa saa saba mchana, na faiba ilikuwa haishikiki kwa joto.

Fundi alimimina gundi kwenye jagi, akaanza kupima dawa ya kugandisha kwa kifuniko cha chupa. Kimoja, viwili, vitatu.

"Kibirichia usipoongeza dawa," alisema, "gundi inakaa siku mbili ikiwa uji."

"Fundi, hapa jua ni kali," shemeji alisema. "Pengine hiyo dawa..." Akanitazama.

"Mwache fundi," nikasema. "Yeye ndiye anajua kipimo."

Akaongeza cha nne. Hatukumaliza kupaka hata nusu ya ubao. Jagi lilianza kupata joto, fundi akaliweka chini haraka huku akipuliza vidole, likafuka moshi mweupe wenye harufu ya kukaba koo. Gundi ikawa jeli, kisha ikawa jiwe, na brashi imesimama ndani yake wima. Fundi akavua kofia.

"Haijawahi kunifanyia hivi."

"Imekufanyia ya Mbeere," shemeji akasema.

Nikamuuliza kama alijua.

"Tuliwahi kuziba tangi la shule hapo juu. Tulianza kabla jua halijatoka, na dawa ilikuwa ya kulamba tu."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema."

"Ulinitazama."

"Muthoni anatazamwa. Hayo mengine anajaza mwenyewe. Lakini leo nimechoka na adabu. Injini yako ilikuwa kubwa. Matundu hukuyaziba, niliona, nikanyamaza kwa sababu ya dada yangu. Sasa keshokutwa nitakalia boti ya mtu kama mgeni, na wewe utarudi Meru ukafundishe watu."

Fundi alijishughulisha sana na kukwangua jagi. Kilichonishangaza ni kwamba maneno hayo hayakuniuma sana. Ilikuwa kama kuvua kiatu kinachobana.

Ijumaa fundi alikwenda Embu kutafuta gundi nyingine. Mimi nilipewa kazi ya kusaga mabonge ya gundi iliyogandia kwenye ubao. Vumbi la faiba huingia kwenye ngozi likawasha kama upupu. Hakuna aliyeniletea kiti wala nyama. "Si hivyo," shemeji alikuwa akisema. "Laza mkono. Laza, bwana." Hakuniita muthoni siku nzima.

Jumamosi tulianza kukiwa na ubaridi bado, tukichanganya gundi kidogo kidogo kwenye kikombe cha maziwa ya mgando, dawa matone ya kuhesabu. Plaiwudi mbili zikalazwa, zikabanwa, kitambaa cha faiba kikapakwa juu hadi kwenye mbavu za boti. Katikati ya hayo jirani akaja kuchukua jibu. Akainama, akakagua, akasema ubao ule hautafika Krismasi.

Shemeji alikuwa na brashi mkononi, na gundi haingoji. Hakugeuka.

"Tafuta mwingine," alisema.

Wala hakujua kama itashika. Hakuna kati yetu aliyejua.

Jumatatu iliyofuata, baada ya matundu mapya kuzibwa kingo zake zote, tuliisukuma boti hadi maji yakawa magotini. Nilidhani atafunga injini yake ndogo mara moja. Badala yake alinielekeza kwenye ukuta wa nyuma.

"Panda hapo. Wewe ni mzito kuliko injini yoyote iliyopita hapa."

Nikapanda juu ya ukingo, nimeshika bega la fundi, na viatu vyangu vya darasani vinatiririka maji. Shemeji aliinama ndani ya boti, akabandika sikio kwenye ubao.

"Ruka."

Nikaruka, kwa kadiri mwalimu wa chuo anavyoweza kuruka.

"Ruka kama mtu mzima."

Nikaruka tena, mara tatu, nne. Wavuvi wengine waliacha kuosha nyavu. Shemeji alisikiliza muda mrefu kama daktari asiyependa kubashiri, kisha akainuka.

"Haijasema kitu," akasema. "Shuka, nimechelewa."